Migongo Mitatu ya Sururu

Haya, wewe unayesoma, weka chini hicho ulichoshika nikutegee. Ndugu watatu wamesimama bega kwa bega. Ukiwatazama usoni, kila mmoja ana sura yake. Wakikugeuzia mgongo, wote watatu wana sura moja. Ni nani hao?

Usiniambie vidole, wala mapacha, wala mafiga. Umeshindwa? Wala usihangaike kunipa mji, nitauweka wapi mji mzima. Kaa tu. Jibu utalikuta humu humu njiani, na ukilikuta utakasirika kama nilivyokasirika mimi.

Kulikuwa na mwanamke aliyefanya kazi kwenye duka la kuchapisha, watu wakamwita Wino. Jina alipewa na vidole vyake. Hata ajisugue namna gani, kucha zilibaki na utepe mweusi kama za fundi baiskeli. Kazi yake ilikuwa kubuni: kadi za harusi, matangazo ya msiba, vitambulisho vya shule, fulana za timu ambazo hazijawahi kushinda. Mteja akisema "niwekee maua," Wino ndiye aliyejua ni maua gani, na yakae wapi yasije yakamfunika bibi harusi.

Mwenye duka aliitwa Mheshimiwa. Hakuwahi kuchaguliwa kitu chochote maishani, lakini hata akitaka kuagiza chai husimama, hukohoa, hufunga kifungo cha koti, ndipo aseme. Na nyuma kabisa, kwenye mashine ya lamineshi, alikaa Baba Pacha, mtu mzima mwenye utani mwingi na meno machache. Hao ndio waliokuwa wakishinda pamoja kutwa katika chumba kile chenye harufu ya karatasi ya moto.

Wino alilelewa na mke wa mjomba wake. Mjomba mwenyewe alikuwa mtu wa safari, na safari moja ikamnogea asirudi. Mkewe akabaki na mtoto wa wifi yake mkono mmoja, na mkono wa pili kibanda cha kukodisha filamu. Hakulia sana. Mtaa mzima ukamwita Mama Diski. Diski ikirudishwa imekwaruzwa, aliiinua kwenye mwanga wa mlango, akafumba jicho moja, akaikagua kwa lile jingine, kisha akaisugua kwa kitambaa laini na dawa ya meno kidogo, kutoka katikati kwenda nje, mpaka deki iikubali. Watoto walidhani ni uganga.

Filamu iliyoazimwa kuliko zote pale kibandani ilikuwa ya Sururu. Kama humjui, Sururu ni mchimba migodi aliyefukiwa na kifusi, akatoka na nguvu za kutoboa mwamba kwa ngumi. Filamu zake ni tatu, na katika zote tatu havui kofia yake ya chuma yenye kidirisha cheusi usoni. Anapigana nayo, analala nayo, hata anapochumbia anayo. Mama Diski alikuwa akiwauliza wateja wake wadogo: "Ukimvua Sururu kofia, utamkuta nani?" Mmoja atasema atamkuta baba yake. Mwingine atasema mwalimu wa hesabu. Wino, aliyekuwa akikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, yeye alijibu kila mara, "Bado nafikiri, Mama."

Sasa nikwambie habari ya makava yenyewe, maana hasira ilianzia huko, zamani kabla ya Mheshimiwa. Filamu ya kwanza ilitolewa na kampuni moja, ya pili na nyingine, ya tatu na nyingine tena, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza mwenzake. Kava la kwanza mgongo wake mwekundu, jina linashuka kutoka juu. La pili buluu, jina linapanda kutoka chini, mpaka ulaze shingo upande mwingine kulisoma. La tatu nene, jeupe kama bandeji, na jina la Sururu halipo kabisa. Wameandika "Sehemu ya Tatu". Ya nani? Hawasemi. Tena huko nyuma, mahali pa kueleza kisa kidogo ili mtu apate hamu, mtu mmoja mwenye mshahara wake kamili ameandika kwamba mwishoni Sururu anakufa.

"Huyu aliyeandika hivi ana mama kweli?" Mama Diski alifoka siku alipolisoma. "Mtoto amesubiri filamu mwaka mzima, wewe unamwambia mwisho hata hajafika nyumbani? Si angekuja tu kumzimia mtoto televisheni?"

Akakata karatasi nyeupe, akaibandika juu ya maneno yale. Kisha akaona karatasi tupu inachukiza, akampa Wino kalamu za rangi. "Chora kitu hapo, mwanangu. Chora chochote, mradi usiseme kafa." Wino akachora sururu imeegemea mlango. Hilo ndilo lililokuwa kava lake la kwanza.

Miaka ikaenda. Watu wakaanza kutazama filamu kwenye simu, kibanda kikafungwa, na Mama Diski akabaki na rafu moja sebuleni, na macho yake yakaingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, atatolewa, na bandeji itafunguliwa siku ya Ijumaa. Wino aliposikia hivyo alipata wazo. Kitu cha kwanza ambacho Mama ataona vizuri, baada ya miaka ya kuona moshi, kiwe ni Sururu aliyevalishwa anavyostahili.

Alichora saa za mapumziko ya mchana, wenzake wakiwa wanakula. Mheshimiwa mwenyewe alimruhusu kutumia printa kubwa, na karatasi alinunua yeye. Kava moja ni karatasi moja ndefu: upande wa kulia uso wa mbele, katikati mgongo mwembamba kama kidole, upande wa kushoto maelezo ya nyuma. Ukikosea kukunja kwa unywele mmoja, mbele panaingia mgongoni na yote ni bure. Wino alikunja kwa kutumia upande butu wa kisu cha mkate. Kava la kwanza aliweka sururu ile ile ya utotoni, imeegemea mlango, na mwanga unapita chini ya mlango. La pili aliuchora mji ukionekana kutoka chini ya ardhi, nyayo za watu tu, viatu vizuri na viatu vilivyotoboka, na mtoto mmoja peku. La tatu, kofia ya chuma imetundikwa kwenye msumari ukutani, basi. Hakuna damu, hakuna moto, na nyuma hakusema kafa.

Halafu migongo. Kwenye migongo ile mitatu alichora uso mmoja, akaugawa vipande, ili makasha ya filamu yakisimama pamoja rafuni uso ukamilike. Basi kitendawili changu si umekitegua? Nyuso tatu kwa mbele, mgongoni sura moja. Na sura yenyewe ilikuwa ya mtu aliyefumba jicho moja, kama anayekagua kitu kwenye mwanga.

Hao wanaochora makava ya nyumbani wana adabu zao. Huuzi. Hugusi kazi ya mwenzako. Na nyuma, chini kabisa, unaandika umechora wewe na ni kwa rafu ya nani. Wino aliandika: "Limechorwa na Wino kwa rafu ya Mama. Haliuzwi." Hata rafiki zake wa mtandaoni, wanaompenda Sururu kuliko ndugu zao, hakuwaonyesha. Alitaka macho ya Mama yatangulie.

Akayatia makava katika makasha yake, akayaweka kwenye droo ya meza yake, akaenda nyumbani na furaha yake.

Jumatatu akayakuta dirishani.

Ndiyo, dirishani. Ndani ya kabati la kioo linalotazama barabarani, lile la kufungwa kwa ufunguo, makasha yake matatu yamesimamishwa migongo ikitazama nje. Nyuso za mbele Mheshimiwa alizipiga picha, akazichapa kwenye bango kubwa lenye maandishi mekundu: TUNABUNI MAKAVA YA FILAMU, WEKA ODA YAKO. Na pale palipoandikwa "Haliuzwi", amebandika stika ya duka yenye namba ya simu.

Wino alihisi kama mtu ameingia nyumbani kwake, akalala kitandani kwake na viatu.

"Bosi," alisema, "umefungua droo yangu?"

Mheshimiwa alisimama, akakohoa, akafunga kifungo. "Binti yangu, sisi hapa ni familia."

Familia! Mtu akitaka kukuchukulia kitu chako bila kukuomba, kwanza atakuita familia. Angesema nimeiba, nafuu ingekuwepo.

"Mimi sijauliza habari ya familia. Nauliza kitu kimoja tu. Kazi ile ni ya nani?"

"Kompyuta ya nani? Printa ya nani? Hicho kiti ulichokalia kilinunuliwa na nani?"

"Sijauliza kiti. Kiti hakichori. Nimeuliza kazi ni ya nani."

Mheshimiwa akachukua simu mezani, akaiweka sikioni. "Ee, ndiyo, nakusikia," akaiambia simu, akageukia ukuta. "Ndiyo, mzee wangu. Kabisa." Na hapo hapo sikioni simu ikalia kweli, kwa sauti kubwa, na muziki wake.

"Simu ya Mheshimiwa ina adabu," Baba Pacha alisema kutoka nyuma ya mashine. "Huzungumza kwanza, ndipo ibishe hodi."

Wino hakucheka. Alitoka nje kuangalia vizuri hasara yake, na alipofika mbele ya kioo akaona jambo la ajabu. Uso umevurugika. Masikio yamehamia kando ya pua, mashavu yametazama nje kama mabawa, na lile jicho lililofumbwa liko upande ambao si wake.

Alisimama pale akajiuliza amekosea wapi, maana alipima kila kitu. Kisha akaona namba ndogo alizoweka chini ya migongo. Mheshimiwa amepanga ya kwanza kushoto, ya pili katikati, ya tatu kulia. Kama mtu yeyote. Kama dunia nzima, kumbe. Lakini kwenye kibanda cha Mama Diski mlango ulikuwa upande wa kulia wa rafu, na kila mfululizo ulianzia mlangoni. "Anayeingia akutane na mwanzo," Mama alikuwa akisema, "asije akaanza na mwisho kama mwizi aliyeingia kwa dirisha." Wino amesoma, ameajiriwa, amechapa maelfu ya kurasa zinazoanzia kushoto, lakini rafu iliyomo kichwani mwake imebaki inaanzia kulia. Alichora kwa rafu hiyo, wala hakujua kwamba wapo watu wanaopanga vinginevyo.

Akarudi ndani, akaketi, akachapa tangazo la msiba la mtu asiyemjua. Hakumwambia mtu.

Wapita njia wakaanza kusimama. Ni vitu vidogo vile, mpaka ubandike paji la uso kwenye kioo, basi kutwa kioo kikawa na alama za mafuta ya mapaji.

"Huyu kagongwa na nini?" akauliza mama mmoja mwenye kikapu.

"Ni Sururu," Mheshimiwa akamjibu kutoka mlangoni, "baada ya mgodi kumwangukia."

"Mpaka masikio yakahamia puani?"

"Ni sanaa ya kisasa, mama. Uso umevunjika kwa sababu maisha yamevunjika."

"Mbona kavaa miwani? Miwani haijavunjika?"

"Tena mbona ni mwanamke?" akadakia mwingine.

Mheshimiwa alikohoa, akasema ana simu.

Oda hata hivyo zilikuja, maana nyuso za mbele zilikuwa nzuri na watu wana macho. Lakini kila aliyeweka oda alisema, mimi nitengenezee uso wa mbele kama ulivyo, ila mgongoni huyo mtu umpeleke hospitali kwanza. Hapo ndipo Mheshimiwa alipotambua kwamba hana kitu. Michoro yote ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa kwenye mkoba wa Wino.

"Lete flashi," alimwambia Jumatano, "na urekebishe ule uso. Unatuaibisha."

"Namwaibisha nani?"

"Duka."

"Juzi ilikuwa kazi yenu nzuri. Leo imepinda, imekuwa yangu?"

Baba Pacha alikohoa kicheko, akajidai ni vumbi.

"Wino, usinijibu hivyo. Mimi nimekulea kikazi."

"Bosi, sitaki nyongeza, sitaki cheo, bango lako sitaki hata kuligusa. Nataka uyatoe makasha yangu, ubandue stika yako, na useme kwa mdomo wako kazi ile ni ya nani. Neno moja. Halikugharimu hata karatasi."

Jamani, neno moja! Nimefikiri sana juu ya watu wa namna hii. Atakupa chai, atakupa nauli, siku ya msiba wako atakuja mbele ya wote. Lakini kusema "hiki ni chako" ulimi unamvimba kama kaumwa na nyuki.

Mheshimiwa alifunga kifungo, na kwa hasira akafunga cha juu katika tundu la chini, koti likapanda upande. "Ijumaa," alisema. "Ukija Ijumaa bila flashi, usikae. Beba vitu vyako kabisa."

"Ijumaa nilikuomba ruhusa. Nampeleka Mama akafunguliwe jicho."

"Ruhusa imefutwa."

Ikawa hivyo. Mama Diski akapelekwa na jirani. Na Wino aliyapanga maneno yake njia nzima, akaingia Ijumaa asubuhi mikono mitupu. Akakusanya rula yake, kisu chake cha mkate, kikombe chake chenye mpini uliogundishwa. Kilichomchoma si kuondoka. Mashine za kuchapisha ziko kila mahali. Kilichomchoma ni kwamba zawadi ile haikuwa zawadi tena. Imetazamwa na kila mwenye paji la uso. Angeweza kuchapa nyingine, lakini angempa Mama kitu gani? Nakala ya kitu kilichoko dirishani na namba ya simu ya mtu mwingine?

"Nakuuliza mara ya mwisho, Bosi," alisema akiwa kashika kikombe. "Nijibu niende. Kazi ya nani?"

Mheshimiwa alifungua mdomo. Dukani walikuwemo wateja wanaosubiri, bwana harusi na shemeji yake na yule mama wa kikapu aliyerudi kuulizia vitambulisho, na wote waligeuka kumsikiliza. Pengine angejibu. Sijui. Maana mlangoni mtu alipiga hodi.

Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwembamba, amevaa miwani mikubwa myeusi ya hospitali. Alikuwa amesimama nje kwa muda, kioo kilikuwa na alama mpya ya paji.

"Shikamoo, mama," Mheshimiwa alisema, akamsahau Wino pale pale, kwa jinsi alivyofurahi kupata mtu wa kumjibu kitu kingine. "Karibu ndani, karibu."

"Marahaba, baba. Nimeona vitu vyako hapo nje."

Wino akafungua mdomo. Yule mwanamke hakumtazama, lakini mkono wake ukapita ukambonyeza Wino kiganja kidogo, kama anavyobonyezwa mtoto asiongee mbele ya wageni. Wino akafunga mdomo.

"Umeyapenda?" Mheshimiwa alisimama wima. "Hiyo ni filamu ya Sururu, mama. Sehemu zote tatu."

"Sururu namfahamu. Nani kayatengeneza?"

"Mimi mwenyewe."

Baba Pacha alizima mashine.

"Wewe mwenyewe!" Mama Diski alisema. "Kwa mikono yako?"

"Nimekaa nayo muda mrefu. Ni wazo lililotoka moyoni. Ule uso hasa, mama, ule uso nimeufikiria sana. Watu wengine hawauelewi."

"Hebu nifungulie niuone vizuri. Jicho langu ni jipya."

Ufunguo ulitoka mfukoni haraka. Kioo kikafunguliwa, makasha yakasimamishwa mezani kama yalivyokuwa, migongo ikimtazama mama. Mama Diski akavua miwani myeusi, na macho yake yalikuwa na majimaji bado, yamekuwa mekundu kidogo. Aliyatazama makasha, akaguna kama mtu aliyekuta sahani imewekwa na viatu. "Nani kakufundisha kupanga? Mwanzo unakaa mlangoni." Akaitoa ya tatu akaiweka kushoto. Akaichukua ya kwanza akaisogeza kulia. Mikono yake ilifanya hivyo bila kufikiri, kama ilivyofanya miaka yote ya kibandani.

Uso ukaungana.

Masikio yakarudi nyumbani, pua ikakaa katikati, miwani ya kufungwa kwa uzi ikakaa juu ya pua. Jicho moja wazi, moja limefumbwa. Mama Diski aliinama karibu ili aone, na kwa kuwa mwanga wa dirishani ulikuwa mkali, akafumba jicho moja.

Bwana harusi alitazama kasha, akamtazama mama, akatazama kasha tena.

"Ee!" alisema shemeji yake.

Mama Diski alikaa vile vile ameinama, muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika kutazama. Wino aliona mabega yake yakipanda yakashuka. Alipoinuka, uso wake ulikuwa mkavu na sauti yake ilikuwa ile ya siku aliposoma kwamba Sururu anakufa.

"Nani kaniweka dirishani?"

Mheshimiwa alirudi nyuma hatua moja.

"Nauliza. Huyu si mimi huyu? Kichwani nimefunga kitambaa changu cha ndani, kile cha kulalia, kina tundu hapa upande. Hilo hapo tundu. Miwani hiyo ni ya zamani, haijawahi kutoka nje ya nyumba yangu." Akamgeukia Mheshimiwa. "Baba, umesema umebuni wewe mwenyewe. Mimi na wewe tunajuana?"

"Mama, hapana, mimi…"

"Umeniona wapi na kitambaa cha kulalia?"

Yule mama wa kikapu alishusha kikapu chini. Mambo kama haya hayasikilizwi mikono ikiwa na mzigo.

"Mama, sijakuona popote, wallahi tena!"

"Hujaniona, na tundu umelijua? Umepitia mlango gani, au ulichungulia dirishani? Mume wangu hayupo ndiyo mkaona nyumba haina mwenyewe?" Akaligeuza kasha, akaona stika. "Na hii namba ya simu iliyobandikwa hapa ni ya nani? Watu wapige waulize nini? Wamuulize nani, mimi?"

"Si yako, mama, ni ya duka, ni ya oda tu…"

"Oda! Kumbe nauzwa!"

"Mheshimiwa," Baba Pacha alisema kwa upole sana, "si utoe tu maelezo? Ulisema umeufikiria sana ule uso."

Mheshimiwa alitafuta kifungo cha koti, hakukiona. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mkono wake ulienda mezani kwenye simu, ukaipata, ukaipandisha.

"Iteremshe hiyo," Mama Diski alisema. "Haijalia."

Ikashuka.

"Mimi nina haraka, nimetoka hospitali, jicho linauma. Nakuuliza mbele ya watu hawa, kwa sababu mbele yao ndipo ulipojisifu. Aliyenichora mimi hivi ni mtu aliyekaa kwangu, amekula kwangu, ameniona nikiamka. Kama ni wewe, sema ni wewe, nijue kwa nini, na ndugu zangu waje wakuulize vizuri. Kama si wewe, niambie. Kazi hii ni ya nani?"

Mheshimiwa aliwatazama bwana harusi na shemeji. Akamtazama Baba Pacha, aliyekuwa akifuta mashine isiyo na vumbi. Akamtazama Wino, amesimama na kikombe chake na kisu chake cha mkate, na Wino hakumsaidia hata kwa kope.

"Ya Wino," alisema.

"Sikusikia. Na hao walioko nje nao hawajasikia."

"Ya Wino, mama! Ya huyu hapa. Amebuni yeye, amechora yeye, amekunja yeye, yote matatu. Mimi nimebandika stika tu."